Sindano Kwanza, Kabati Baadaye

Taifa huhifadhi sauti yake mahali pawili: katika vifua vya watu na katika vyombo. Vifua huzeeka vikafukiwa, na vyombo navyo huoza visipotunzwa. Hapa Igowole, katika nyanda za Mufindi, wapo wazee ambao ujira wa chai na mauzo ya pareto viliwawezesha kununua gramafoni na santuri chache. Santuri hizo zingali masandukuni, chini ya vitanda, zikishindana na ukungu na vumbi. Sasa watoto na wajukuu wao walioko Mafinga, Iringa, Mbeya na Dar es Salaam wameanza kuzitoa ili zipigwe tena. Jambo hilo ni jema. Lakini namna wengi wanavyochagua chombo cha kuzipigia ni ya kusikitisha, nasi hatuoni sababu ya kunyamaza.

Wachaguaji hao ni wa aina mbili. Wa kwanza hununua kisanduku chenye rangi za kuvutia, kwa kuwa bei yake ni ndogo na spika zimo ndani yake. Wa pili ni bwanyenye wa mjini. Yeye huagiza mtambo wa maelfu ya dola, akausimamisha sebuleni kama pembe za mnyama aliyewindwa, wageni wakaushangaa. Lakini ukimwomba akupigie santuri ya Kiswahili, hana hata moja. Wa kwanza anaiharibu santuri, wa pili hana habari nayo. Kosa lao ni moja: wote wawili wamechagua kwa macho kitu ambacho kazi yake ni ya masikio.

Yafaa mwanafunzi afahamu kwanza ni mali gani tunayoizungumzia. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 ili sauti yake itiwe katika santuri, kwa kuwa pwani yetu haikuwa na mitambo ya kazi hiyo. Miaka mingi baadaye hali ilikuwa ile ile. Nyimbo za Salum Abdallah wa Cuban Marimba ya Morogoro, aliyefariki mwaka 1965, zilitolewa kwa nembo ya Mzuri ya Mombasa. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979 kwa ajali ya gari nchini Kenya, alifuata studio za huko huko Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mitambo yake, akanasa muziki wa makabila mengi, ukiwamo wa Wahehe wenye ligombo; na maktaba aliyoiasisi mwaka 1954 ipo Afrika Kusini hata leo. Redio Tanzania Dar es Salaam ilifanya kazi kubwa isiyosahaulika ya kuzirekodi bendi zetu kwa kanda, lakini upigaji uliofanyika Nairobi ni upigaji mwingine. Basi santuri iliyo chini ya kitanda cha mzee wa Igowole huenda ni moja kati ya chache zilizosalia za wimbo huo. Je, mali ya namna hiyo ni ya kukwaruzwa na kisanduku cha mapambo?

Maana kukwaruzwa ndiko kunakotokea. Sauti katika santuri ni mfereji mwembamba uliochongwa kwa mawimbi, na sindano hupita humo ikitikisika. Sindano ya mashine nzuri huegemea kwa uzito wa gramu mbili hivi, na uzito huo hupimwa na kurekebishwa kwa kizani kilichoko nyuma ya mkono. Visanduku vya rahisi mara nyingi huegemeza gramu tano au zaidi, wala havina cha kurekebisha. Ncha yao ikiisha kuchakaa hugeuka patasi: kila wimbo unapopigwa, kuta za mfereji zinachongwa upya, na sauti nyembamba, kama ile ya upatu na ya herufi za mwimbaji, ndizo zinazotangulia kufutika. Hakuna fundi duniani awezaye kuzirudisha. Rahisi, wahenga walisema, ni ghali.

La pili ni mwendo. Santuri ndogo nyingi za dansi huzunguka mara 45 kwa dakika, zile kubwa mara 33 na theluthi, na zile nzito za zamani, kama za Siti, mara 78. Mashine ikikimbia, mwimbaji huwa mtoto. Ikizembea, huwa mlevi. Ikiyumba, gitaa hulia kama lililolegea nyuzi. Huo si muziki wa wazee wetu, ni dhihaka juu yao. Mwenye santuri za 78 hana budi ahakikishe kwamba mashine yake ina mwendo huo, kwa kuwa nyingi hazina, tena awe na sindano pana zaidi, kwa kuwa mfereji wa santuri hizo ni mpana.

Mnamo miaka ya 1970, Ivor Tiefenbrun wa Glasgow, mtengenezaji wa gramafoni iitwayo Linn Sondek LP12, alipingana na wafanyabiashara walioshikilia kwamba spika ndiyo roho ya muziki wa nyumbani. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kile ambacho sindano haikukiokota, hakuna spika itakayokirudisha. Hoja hiyo tunaikubali. Lakini hatukubali kwamba kila mtu aagize mashine hiyo hiyo. Aina hiyo huzungushwa kwa mkanda wa mpira, na mkanda hulegea. Atakayeuhitaji mwingine hapa Igowole atausubiri kutoka ng'ambo. Technics SL-1200 ya Japani, iliyotoka mwaka 1972, huzungushwa na mota moja kwa moja, bila mkanda. Na tangu toleo lake la pili mwendo wake husimamiwa na kwatzi, usiyumbeyumbe. Kichwa chake hufunguliwa kwa mkono, sindano ikabadilishwa. Utengenezaji wake ulisimama mwaka 2010, ukarejea mwaka 2016 kwa toleo la takriban dola 4,000. Lakini yale ya zamani yangali yakifanya kazi na kutengenezeka. Basi tuulize maswali matatu kabla ya kuuliza bei: Je, inashika mwendo? Je, uzito wa sindano unarekebishika? Je, ikiharibika, fundi wetu ataifungua? Mashine ikishindwa maswali hayo, hata ikiwa imepakwa dhahabu, ni kabati tu.

Wapo watakaosema kwamba santuri zimepitwa na wakati, kwa kuwa nyimbo zote zimo katika simu. Hawa wanasema wasilolijua. Simu haikuzaa wimbo; ilipewa. Mtu fulani aliweka santuri chini ya sindano, akanakili. Ikiwa sindano ile ilikuwa butu na mwendo wake wa kuyumba, basi simu elfu zitarudia kosa lile lile mara elfu. Nakala njema huanza kwa gramafoni njema.

Wengine watasema kwamba huu ni ubwanyenye, na kijiji kina haja ya madawati. Haja ya madawati hatuikani. Lakini Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwezi Desemba 1962, nchi yetu haikuwa tajiri kuliko leo. Aliona kwamba watu waliofundishwa kudharau ngoma zao wana umaskini mwingine ulio mzito zaidi. Ubwanyenye ni mashine moja kwa mtu mmoja asiye na santuri. Mashine moja iliyochaguliwa kwa akili, ikawekwa shuleni chini ya mwalimu mwaminifu, wazee wakaleta santuri zao, zikasafishwa, zikapigwa mara moja kwa uangalifu na kunakiliwa, kisha zikarudishwa kwa wenyewe, hiyo ni akiba ya umma.

Kwa hiyo tunawataka walimu na wanafunzi walianze jambo hili bila kungoja mfadhili. Andikeni orodha ya santuri zilizomo vijijini mwenu: jina la wimbo, la bendi, namba iliyo katikati ya santuri, na jina la mwenyewe. Wakatazeni ndugu zenu kuzipiga kwa visanduku vya patasi. Changeni fedha, kisha mchague sindano kwanza na kabati baadaye. Mzee akifa tunalia. Santuri yake ikifutika hatusikii hata kilio.