Tulipoishangilia Taifa-1

Wako watu wanaouliza, wala si kwa ubaya, nchi yenye madarasa yasiyo na madawati ina haja gani na mambo ya anga za juu. Swali hilo nimelisikia mara nyingi hapa Kisumu, hata katika vyumba vya walimu. Jawabu langu ni kwamba haja ipo, tena ipo papa hapa ufuoni mwa ziwa letu.

Jumamosi ya tarehe 15 Aprili 2023, yapata saa nne kasorobo asubuhi, roketi ya Falcon 9 iliruka kutoka Vandenberg, California, huko ikiwa bado usiku wa tarehe 14. Miongoni mwa mizigo yake ilikuwamo setilaiti ndogo ya Kenya iitwayo Taifa-1. Safari hiyo ilikuwa imeahirishwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya hali ya hewa, na vijana wanne wa sekondari tuliokuwa tukitazama nao kwa simu moja walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Hesabu ilipofika sifuri, moto ukawaka, hakuna aliyethubutu kupumua. Ilipotangazwa kwamba setilaiti imeachiliwa salama, walikumbatiana kama mashabiki wa Gor Mahia timu inapofunga bao dakika ya mwisho. Nami, mtu mzima, sikubaki kitini.

Furaha ile naiheshimu, kwa kuwa haikuwa ya kuazima kama ya mwaka 1970. Tarehe 12 Desemba mwaka huo, nchi ikiadhimisha miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo angani, na uchunguzi huo ulichangia Riccardo Giacconi kutunukiwa Nobeli ya fizikia mwaka 2002. Sehemu yetu ilikuwa jina, bahari na ukaribu wa ikweta. Taifa-1, kwa upande wake, ilibuniwa na wahandisi Wakenya, ingawa (tuseme kweli) iliundwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria na kubebwa na roketi ya kigeni. Hatua hiyo si haba.

Shangwe ikishapoa, je, mwanafunzi wa Kisumu hubaki na nini? Mmoja wa vijana wale aliniuliza iwapo chombo kama kile kinaweza kuona mitumbwi iliyonaswa na gugu maji pale Dunga. Sijapata kusikia swali la fizikia lililo bora kuliko hilo. Majani mabichi hurudisha kwa wingi mwanga ulio jirani na mwekundu, usioonekana kwa macho yetu, ilhali maji huumeza. Kwa hiyo, katika picha zipigwazo kwa mwanga huo, gugu hung'aa juu ya ziwa jeusi.

Picha za namna hiyo zipo, wala haziuzwi. Za Landsat zimekuwa bure tangu 2008, na za Sentinel-2 ya Ulaya ni bure vilevile. Katika hizi za pili, kila nukta ni mita kumi za ardhi; mtumbwi hautambulikani, lakini zulia la gugu linaloziba Ghuba ya Winam laonekana wazi. Hata hivyo, katika shule nilizozitembelea kutoka Kisumu hadi Kendu Bay sijaona hata moja iliyobandikwa ukutani. Shirika la Anga za Juu la Kenya lingetufaa sana kama lingezichapisha na kuzileta.

Mwalimu asingoje, lakini. Achukue picha ya juma hili na ya juma lijalo, wanafunzi wapime kwa rula gugu limesogea kilomita ngapi, kisha wateremke Dunga wakawaulize wavuvi siku zile upepo ulivuma kutoka wapi.