Mvua Haimalizi Sumu

Kwenye mashamba ya nyanya kauli hii haikosekani: "Dawa? Mvua moja tu, imeisha." Mkulima anaisema bomba likiwa mgongoni, muuza pembejeo anaitikia, na mlaji wa mjini anasuuza nyanya zake akiamini kamaliza kazi. Si kweli.

Twende Vikuge, Kibaha, mkoani Pwani. Mwaka 1986 ililetwa pale shehena ya viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki, DDT ikiwamo, sehemu yake ikiwa imeshapitwa na wakati. Ikawekwa bandani, banda likaanguka, mvua ikapiga miaka. Hatimaye shehena ikaondolewa. Hata hivyo, watafiti waliochapisha vipimo vyao mwaka 2004 walikuta udongo wa pale bado umejaa DDT. Sumu hiyo haiyeyuki kirahisi kwenye maji. Hung'ang'ania udongo na mafuta. Mvua huisomba pamoja na tope ikaishusha bondeni. Nyungunyungu anakula udongo, ndege anakula nyungunyungu, mwewe anakula ndege, na sumu inarundikana ndani ya mwewe hadi maganda ya mayai yake yanakuwa membamba, yanapasuka akiyalalia.

Najua nitajibiwa kwamba DDT ni mambo ya zamani, dawa za sasa ni nyingine. Kweli, ni nyingine. Imidakloprid, kwa mfano, huyeyuka kwenye maji. Basi maji hayo hayo huishusha mizizini, mizizi ikaipandisha mpaka kwenye ua, na nyuki akaikuta kwenye chavua. Udongoni inaweza kukaa zaidi ya mwaka. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwenye mashamba ya wazi mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki.

Nawe unayesifu dawa "kali," inama utazame chini ya majani kesho yake. Waliokufa si inzi weupe peke yao. Wamo buibui na nyigu waliokuwa wakikulia viwavi bure. Wadudu waharibifu huzaliana upesi kuliko hao walinzi, kwa hiyo wao ndio hurudi kwanza, nawe unarudi dukani.

Ukifika huko, usiulize tu inaua nini. Uliza inakaa ardhini muda gani. Muuzaji akikujibu "mvua itaosha," iache chupa yake rafuni.