Mvinyo wa Italia una subira, kahawa ya Tarime je?

Mfanyabiashara wa Mugumu anayepeleka mayai na mboga kwenye hoteli za watalii huenda amejiuliza kwa nini chupa moja ya mvinyo mwekundu inaweza kuuzwa ghali kuliko mbuzi. Mimi niliuliza pia, na nadhani jibu lake linatuhusu wakulima wa Tarime.

Chukua Brunello wa Montalcino, mji mdogo wa Toscana nchini Italia. Familia ya Biondi Santi ilianza kuutengeneza karne ya 19 kwa zabibu aina moja tu, Sangiovese, na chupa zao za mwaka 1888 zimekuwa maarufu kwa kudumu. Sheria ya huko hairuhusu Brunello kuuzwa kabla ya Januari 1 ya mwaka wa tano baada ya mavuno, na walau miaka miwili lazima ukae kwenye mapipa ya mbao.

Ukiwa mchanga una uchachu mkali na ukakasi kama wa ndizi mbichi, ulimi unakauka. Ukikaa, ukakasi hulainika, wekundu huelekea rangi ya matofali, na harufu ya matunda mabichi huipisha ile ya matunda makavu, ngozi na tumbaku. Mnunuzi mzoefu huionja tofauti hiyo na kuilipia. (Si kila mvinyo hunoga kwa uzee, mwingi unafaa kunywewa mapema.)

Sisemi tulime zabibu, hiyo tuwaachie Dodoma. Nazungumzia arabika yetu. Nayo huonjwa: waonjaji wa kahawa hunusa kikombe, hufyonza kwa kijiko, hutema, kisha huipa daraja. Tunda lililochumwa bichi huleta ukakasi uleule, na kahawa haina pipa la kuulainisha. Ukiiweka ghalani miaka mitano utabaki na ladha ya gunia. Subira yetu ni ya siku chache tu, tunda likiwa bado mtini.

Mbona hizo chache zinatushinda? Kwa sababu ada ya shule haisubiri, wezi wa usiku hawasubiri, na mlanguzi anakuja na fedha mkononi, anapima jekundu na bichi kwa mzani mmoja. Mwitaliano husubiri kwa kuwa ana mtaji wa kuishi wakati mvinyo umelala. Kumhubiria mkulima wa Muriba habari za ubora bila fedha ni kumchosha.

Vyama vyetu vya ushirika vianze na mambo mawili. Vilipe malipo ya awali siku ileile tunda linapopokelewa, hata kama ni kwa mkopo wa benki. Na mpokeaji awe na ndoo ya maji: yanayoelea na mabichi yawekwe kando, mekundu yapate bei ya juu, iandikwe ukutani kila mtu aisome. Kwenye mkutano mkuu ujao wa chama, wanachama waiulize bodi kuhusu bei hizo mbili kabla ya kufika kwenye ajenda ya posho.