Herufi Pana na Haki ya Msomaji
Ubao wa serikali ni barua kwa wananchi, nayo barua haifai isiposomeka.

Twasema haya kwa sababu ya zile herufi pana, za mraba wenye pembe za mviringo. Asili yake ni kiwanda cha Nebiolo, Turin, kilichotoa Microgramma mwaka 1952, herufi kubwa tupu. Mwaka 1962 Aldo Novarese alitoa Eurostile, yenye herufi ndogo pia; filamu za safari za anga zikaifanya sura ya zama zijazo.

Kwa kichwa zafaa. Lakini upana hula nafasi: jina la idara likienea ubao mzima, saa za meli hubanwa pembeni. Mzee aliye gatini hatafuti fahari, atafuta saa. Wakuu wa idara na walizingatie hilo.