Tansio ya mama haiishie materniti

Huku Goma, mama mwenye mimba anapika na makala ndani ya chumba kimoja, na usiku masasi inamukosesha usingizi. Halafu wanamuambia: "Usiwaze sana." Asiwaze namna gani? Moshi ile inapita mapafuni, inaingia mu damu, inaharibu mishipa. Woga ya kila siku nayo inapandisha tansio. Na mwanamke aliyepata tansio ya mimba, hatari yake ya ugonjwa wa moyo miaka ya mbele ni kama mara 2. Akisha kuzaa, wanapima mtoto tu! Tangu 2023 wakubwa wanatuimbia uzazi wa bure. Sawa. Sisi tunadai wamama hao wapimwe tansio kila mwaka, bure, kwenye kila kituo cha afya cha kartie.