Tusiitupe Kompyuta Iliyolemewa



Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipokoma kuihudumia Windows 10, swali moja limetufikia kwa njia nyingi: baada ya sala ya Ijumaa, kwenye ngazi za majengo ya Xiaobei, na mara mbili kwa simu kutoka Foshan. Je, kompyuta ya nyumbani, ile inayochukua dakika kumi kuamka na isiyokubali Windows 11, itupwe, iuzwe, au ipelekwe kwa fundi? Tumeonelea safu ya mwezi huu ilijibu swali hilo, kwani wengi wanaliamua kwa haraka kuliko linavyostahili.

Ndugu msomaji, kabla hujaamua lolote, itazame mashine hiyo kwa jicho la mtu anayehama nyumba. Kompyuta ya familia ya Waswahili hapa Guangzhou ni ya watu wengi. Baba ameweka humo ankara, orodha za mizigo na hati za kontena lililo njiani kwenda Dar es Salaam au Mombasa. Pembeni mwake zimo nakala za pasi za wateja waliomwomba awashughulikie barua za mwaliko. Watoto wana kazi zao za shule na michezo yao. Mama ana picha za harusi, na pengine sauti ya bibi aliyekwisha kutangulia mbele ya haki, sauti ya nusu dakika iliyotumwa kwa simu na ambayo haipo mahali pengine popote. Hayo yote yamerundikwa pamoja na takataka, wala hayana alama ya kuyatenga.

Sasa ukimwambia fundi tu kwamba mashine ni nzito, dawa yake ya kwanza ni ile Wachina waiitayo chongzhuang xitong, yaani kusakinisha mfumo mzima upya. Kwake ni kazi fupi, na kwa hakika kompyuta hurudi nyepesi kama mpya. Lakini diski C huwa imefutwa. Mafundi wa hapa wana desturi ya kuigawa diski sehemu mbili, C ya mfumo na D ya vitu vya mwenyewe, nao hudhani kwamba kila mteja ameweka vitu vyake D. Kumbe vitu tunavyovipanga juu ya uso wa skrini, ili tuvione kila siku na tuwe na hakika navyo, vimo ndani ya C. Folda ya nyaraka imo ndani ya C. Mafaili ya WeChat, mtu asipoyahamisha kwa makusudi, nayo kwa kawaida yamo ndani ya C.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuhifadhi. Nunua diski ya nje, nakili kila kitu chenye thamani, kisha uichomeke kwenye kompyuta nyingine na kufungua faili kadhaa uone kama zinasomeka. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi. Jihadhari pia na diski na flashi za bei ya kutupa. Zimo sokoni zilizotiwa uongo, zinazojitangaza kuwa na ujazo mkubwa mara nyingi kuliko walio nao, nazo huendelea kupokea mafaili kwa adabu kabisa huku zikiyapoteza. Programu ndogo ya Kijerumani iitwayo H2testw, isiyolipiwa, huijaza diski na kuisoma tena ili kuthibitisha ujazo wake. Mazungumzo ya WeChat yahifadhiwe kwa njia ya programu yenyewe, kwani kampuni yake inaeleza kwamba haiyaweki katika mitambo yake. Yakifutwa kwenye simu na kwenye kompyuta, hakuna wa kumwomba.

Baada ya hapo ndipo tushike ufagio. Kikwazo cha kwanza ni lugha. Kompyuta nyingi zilizonunuliwa hapa zina Windows ya Kichina, na lile toleo lake la nyumbani halikubali kubadilishiwa lugha kwa njia ya kawaida. Heri ni kwamba amri za kuandika ni zile zile katika lugha zote. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, kidirisha kidogo kitafunguka. Andika humo appwiz.cpl, na orodha ya programu zote itatokea. Andika cleanmgr, nacho chombo cha kusafisha diski kitajitokeza. Vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa kwa pamoja huleta dirisha linaloonyesha ni programu ipi inayokula kumbukumbu. Kata kipande hiki cha karatasi, ukibandike ukutani.

Katika orodha ya appwiz.cpl utakuta wageni usiowaalika. Wachina wenyewe wana jina la kuchekesha kwa balaa hili: quanjiatong, ndoo ya familia, jina lililotokana na ile ndoo ya kuku wa KFC. Unaitaka programu moja ya kufungulia mafaili yaliyobanwa. Inakuja na kivinjari, kivinjari kinakuja na kalenda, kalenda inakuja na mchezo, na mchezo unakuja na dirisha la matangazo linaloruka pembeni mwa skrini kila unapokaa kuandika. Mlango wanaopitia ni huu. Katika kurasa nyingi za kupakulia programu kuna kitufe kikubwa chenye rangi, gaosu xiazai, pakua kwa kasi. Kitufe hicho hukuletea kwanza kipakuzi chenye visanduku vilivyokwisha kutiwa alama ya kukubali, na mkono wenye haraka huvipitisha vyote. Kitufe cha kweli ni kile kidogo, putong xiazai, pakua kwa kawaida, na bora zaidi ni kwenda kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe.

Hapa ndipo sikio la Mswahili linapotegwa. Xiazai (下载) ni kupakua, na xiezai (卸载) ni kuondoa. Alama ya pili ni ile ile, matamshi yanakaribiana kama ya pacha, na maana zimepeana mgongo. Wafundisheni watoto kuitambua ile alama ya kwanza ya kuondoa, 卸, wao huishika upesi kuliko sisi. Tena unapoondoa, soma dirisha la mwisho taratibu, kwani kitufe kikubwa kinachong'aa mara nyingi husema "nibakishe", na maandishi madogo ya kijivu ndiyo yanayosema "niondoe". Sisi tuliotunga mitihani miaka mingi tunalijua swali la namna hii, lililowekwa ili mwanafunzi ashindwe.

Programu nyingine hatutaki kuziondoa, tunataka tu zisijilete bila kuitwa. Katika lile dirisha la vitufe vitatu kuna ukurasa uitwao qidong (启动), wenye orodha ya zile zinazoamka pamoja na kompyuta. Ichague moja moja, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, kisha jinyong (禁用), yaani zuia. Programu haifutwi, itasubiri iitwe. Ziacheni za sauti, za padi ya kugusa na ya kinga dhidi ya virusi. Kinga yenyewe iwe moja, kwani mbili huchunguzana na kuvutana kutwa, na Windows inakuja na ya kwake. Wakongwe wa Guangzhou watakumbuka Novemba 2010, pale Tencent ilipotangaza kwamba QQ haitafanya kazi katika kompyuta yenye programu ya kinga ya 360, na mamilioni ya watu wakalazimishwa kuchagua upande mmoja hadi serikali ilipoingilia kati.

Kisha WeChat. Kuna kundi la wasafirishaji, la kina mama, la mtaa, la wazazi wa shule, na la harusi iliyokwisha miaka minne iliyopita na bado lina watu mia mbili. Kila video inayopita humo inaweza kushuka yenyewe na kukaa diskini, na tumeona kompyuta ambayo makundi hayo yalikuwa yamekalia zaidi ya gigabaiti 60. Ndani ya mipangilio yake zima upakuaji wa moja kwa moja, hamishia hifadhi yake D, na ufute makundi yaliyokufa baada ya kuchukua picha unazozitaka. C ikipumua walau gigabaiti 20, tofauti itaonekana siku hiyo hiyo.

Tahadhari moja juu ya cleanmgr. Katika matoleo fulani ya Windows 10 yaliyotoka kuanzia mwishoni mwa mwaka 2018, orodha yake iliiingiza pia folda ya vitu vilivyopakuliwa. Mtu akitia alama kila kisanduku kwa kudhani ni takataka tupu, hati ya kontena aliyotumiwa na wakala inafagiliwa pamoja na uchafu. Soma kila mstari kabla ya kukubali.

Uchafu mwingine ni wa kushikika. Vumbi la mji huu, likikutana na unyevu wa huinantian, siku zile za majira ya kuchipua ambapo kuta na sakafu hutoka jasho, hugeuka kitambaa kizito juu ya feni. Joto likizidi, kichakataji hujipunguzia mwendo chenyewe ili kisiungue, nasi tunadhani kimezeeka. Zima mashine, toa betri kama inatoka, shikilia mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke, na upulize kwa kipulizio cha mpira cha wapiga picha. Mdomo usitumike, kwani una mate.

Yote hayo yakishafanywa na kompyuta bado inakokota, sababu kwa kawaida ni diski ya kuzunguka. Diski hiyo ni sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika katika kompyuta za mkononi, na sindano inayokwenda huku na huko kutafuta. Faili moja kubwa huisoma kwa takriban megabaiti 100 kwa sekunde, lakini vitu vidogo vidogo vilivyotawanyika, ambavyo ndivyo Windows inavyovitaka inapoamka, huiangusha hadi megabaiti moja au mbili. Diski isiyo na sehemu inayozunguka, SSD, hata ya aina ya kawaida ya SATA, hufikia megabaiti 500 na haina sindano ya kusubiri. Hakuna fedha inayotumika vizuri zaidi kwa kompyuta kongwe kuliko hii. Maduka ya Gangding, kwenye njia ya 3 ya metro, bado hufanya kazi hiyo ukingoja, ingawa biashara nyingi imehamia kwenye mtandao. Mwambie fundi anakili diski nzima kwenda kwenye mpya, asisakinishe upya, na kaa naye mpaka amalize.

Tunasema kaa naye kwa sababu. Jirani zetu wa Hong Kong hawajasahau mwaka 2008, pale picha za faragha za mwigizaji Edison Chen zilipoenea kila mahali baada ya kompyuta yake kupelekwa kwa matengenezo. Fundi alipatikana na hatia mwaka 2009, na picha hazikurudi. Sisi si waigizaji, lakini pasi za watu zilizomo katika mashine zetu ni amana, na wenyewe walitupa wakiamini zitaishia kwetu.

Kuhusu Windows 11, kwa ujumla inadai vichakataji vya kuanzia mwaka 2018 hivi, pamoja na kile kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta isiyofikia hapo haifi, ila matundu ya usalama ya Windows 10 hayazibwi tena kama zamani, kwa hiyo shughuli za benki zisifanyiwe humo. Kwa anayeandika barua na kusoma tu, upo mfumo usiolipiwa wa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake Mswahili hahitaji kutafsiriwa, ni utu wetu uleule.

Na anayeamua kuuza, ajue kwamba kumwaga pipa la takataka la kwenye skrini hakufuti kitu. Faili hubaki mahali pake mpaka kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuzifufua ziko tele. Njia salama kwetu ni kuuza kompyuta bila diski. Ile ya zamani idai mkononi mwa fundi usiku uleule. Ikiwa bado nzima, itie kwenye kisanduku chake cha USB iwe nakala ya pili ya zile picha za harusi. Iliyokufa itobolewe kwa keekee, matundu matatu au manne yapite kwenye sahani zake, ndipo iende pipani.