Ghala Moja, Majirani Wawili
Wafaransa na Wajerumani walipigana vita vikuu mara tatu, vilivyoanza mwaka 1870, 1914 na 1939. Mara mbili, 1871 na 1919, walitia sahihi mapatano ya amani. Lakini aliyeshindwa alirudi kwake na kinyongo, na wanawe wakashika bunduki tena. Tarehe 9 Mei 1950 Bwana Robert Schuman, Waziri wa Mambo ya Nje wa Ufaransa, alitoa shauri jingine: makaa ya mawe na chuma, vitu vifanyavyo mizinga, visimamiwe na baraza moja la nchi zitakazokubali. Mwaka 1951 nchi sita zilikubali, Ujerumani ya Magharibi mojawapo. Tangu hapo mataifa hayo mawili hayakupigana tena. Mtu hachomi ghala ambamo chakula chake nacho kimo.